Leseni ya TV ya Leicester haifiki Skegness: jibu kwa dada mwenye nyumba mbili

Swali: Shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester na leseni ya TV tunalipa kila mwaka bila kukosa. Mwaka jana tulinunua fleti ndogo Skegness, mji wa pwani, tunakwenda wikiendi na likizo za shule. Hatukuweka antena wala dishi. Kuna TV ya intaneti tu, na tunaingia kwa akaunti zetu zilezile za nyumbani. Watoto wanatazama iPlayer, ile programu ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, mume wangu mpira, mimi naangalia taarifa ya habari ya Kenya kwenye YouTube. Juzi tulikuta barua tatu mlangoni, hazina jina la mtu, zinasema anwani ile haina leseni. Rafiki yangu anasema ukitazama mtandaoni huhitaji leseni. Shemeji yangu ana karavani pale Ingoldmells, karibu kabisa na sisi, naye analipa leseni moja tu ya nyumbani kwake. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na jibu lenyewe, kwa sababu najua barua tatu mlangoni zinavyomweka mtu roho juu. Kwa jinsi mnavyotazama sasa, fleti ya Skegness inatakiwa kuwa na leseni yake. Shemeji yako huenda yuko sahihi kabisa na leseni yake moja. Rafiki yako amekosea, ingawa katika alichosema kuna sehemu ya kweli inayoweza kukuokolea pesa, nami nitaifikia.

Wengi wetu tunajikwaa mahali pamoja. Kwetu Mombasa, Dar au Kisumu, televisheni ni king'amuzi. Unakinunua, unalipia kifurushi cha mwezi, kadi ni yako. Ukihama Likoni kwenda Kisauni unakibeba, fundi anapanda kulenga dishi upya, basi. Ulicholipia kinakufuata. Mtu aliyezoea hivyo akifika Uingereza, akaona akaunti yake ya iPlayer inafunguka Skegness kama inavyofunguka Leicester, anahesabu kuwa ni yale yale: nimelipa, nimeingia, imefunguka. Lakini leseni ya TV ya Uingereza si malipo ya kifurushi. Ni ruhusa ya kutumia kifaa cha kupokea televisheni mahali fulani, na mahali penyewe pameandikwa juu ya leseni: namba ya nyumba, mtaa, msimbo wa posta. Ndani ya nyumba hiyo unaweza kuwa na televisheni tano na wote mkatazama. Ukitoka nje ya anwani hiyo, akaunti itaendelea kufunguka, ila ruhusa umeiacha nyuma.

Mambo yako hivyo kwa sababu ya historia yake. Leseni ya redio ilianza Uingereza Novemba 1922, ada ikiwa shilingi 10. Ya televisheni ilifuata Juni 1946, kwa pauni 2. Enzi hizo televisheni ilikuwa kabati zito la mbao lililokaa sebuleni, na ukihesabu nyumba umehesabu televisheni. Leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971, ndiyo maana leo unasikiliza redio popote bila kuulizwa. Ya televisheni ilibaki, na leo inasimama juu ya kifungu cha 363 cha Sheria ya Mawasiliano ya 2003, kinachokataza kufunga au kutumia kifaa cha kupokea televisheni bila leseni.

Kifaa hicho ni kipi? Hapo ndipo rafiki yako alipopitwa. Kanuni za 2004 zinasema ni chombo chochote kinachofungwa au kutumiwa kupokea televisheni, kwa mawimbi au kwa njia nyingine, hata kama chombo hicho kina kazi nyingine pia. Kupokea maana yake ni kupata kipindi wakati uleule, au karibu na wakati uleule, kinaporushwa kwa watu wote. Maneno "au kwa njia nyingine" yaliingia mapema sana, kabla TV za intaneti hazijajaa majumbani, na yanabeba kila kitu: waya, WiFi, simu. Kukosa antena na dishi hakukutoi. Sheria inauliza unatazama nini na wakati gani, haiulizi picha imepitia wapi. Kisha tarehe 1 Septemba 2016 iPlayer nayo ikaingizwa, na kwa iPlayer hata suala la wakati halipo: kutazama moja kwa moja, kutazama kipindi cha wiki iliyopita, kupakua ukatazame baadaye, vyote vinataka leseni.

Sasa tuingie sebuleni kwenu Skegness, mtu mmoja mmoja.

Watoto ni rahisi kuwajibu, kwa bahati mbaya. Katuni za iPlayer kwenye TV ya ukutani pale Skegness zinataka leseni ya Skegness, hata kama katuni yenyewe ilirushwa mwezi uliopita. iPlayer inapokuuliza kama una leseni ya TV nawe ukabonyeza ndiyo, wewe unajibu kuhusu Leicester bila kudhamiria ubaya. Swali lenyewe, ukilielewa sawasawa, linahusu hapo ulipo sasa hivi.

Mumeo na mpira: mechi ikiwa inachezwa muda huo, ni televisheni ya moja kwa moja, na haijalishi imepitia kampuni gani. Watu wengi wanadhani leseni ni ya chaneli za BBC peke yake, kwamba ukitazama Sky au TNT au mechi ya Jumanne ya Ligi ya Mabingwa kwenye Amazon Prime umeshalipia huko na BBC haikuhusu. Si hivyo. Pesa za leseni huenda zaidi BBC, lakini sharti la leseni linagusa kila kipindi cha moja kwa moja cha kila kituo. Muhtasari wa magoli uliowekwa YouTube baada ya mechi hauhitaji leseni.

Wewe sasa, na taarifa ya habari ya Kenya. Hili ndilo watu wetu hunibishia zaidi, na naelewa uchungu wake, kwa sababu mtu anajiuliza Uingereza inahusikaje na matangazo ya Nairobi. Lakini sheria haitofautishi kituo cha hapa na cha nje. Taarifa ya Kiswahili ya saa moja usiku Nairobi, ambayo kwenu majira ya kiangazi inaingia saa kumi na moja jioni, ukiifungua YouTube ikiwa inasomwa wakati huohuo, unapokea televisheni, sawa na ambavyo ungekuwa na dishi linalonasa chaneli ya Oman au ya Tanzania. Ukisubiri taarifa iishe, kituo kikaipandisha kama video ya kawaida, ukaitazama saa mbili usiku ukimaliza kupika, hiyo si kupokea moja kwa moja na leseni haihitajiki. Habari ni zilezile, msomaji ni yuleyule, na sheria imebadilika kwa sababu ya saa mbili tatu. Angalia alama ya moja kwa moja kwenye kona ya video kabla ya kubonyeza. Jambo moja la tahadhari: kuisimamisha au kuirudisha nyuma video ambayo bado inaendelea kurushwa hakuigeuzi kuwa ya zamani. Ngoja iishe kabisa.

Harusi ya binamu yako Kilifi ambayo mdogo wake anairusha kwa simu haimo humu. Huyo si kituo cha televisheni, ni kijana ameshika simu. Tazameni kwa raha zenu.

Hapo ndipo penye ile sehemu ya kweli ya rafiki yako. Vitu vingi vya mtandaoni kweli havihitaji leseni: filamu na tamthilia za Netflix na Disney+, vipindi vya nyuma vya ITVX (programu ya kituo cha ITV) na Channel 4, video za kawaida za YouTube, DVD mlizozibeba. Kosa lake ni kuiita "mtandaoni" yote kuwa kitu kimoja. ITVX hiyohiyo ukifungua chaneli inayorushwa sasa, leseni inahitajika, na ukitelemka chini ukachagua tamthilia ya jana, haihitajiki. Programu ni moja, vitufe viwili, majibu mawili. Kwa watoto hilo ni gumu kulisimamia, nalo nakuomba ulipime kabla ya kuamua lolote.

Kisha kuna mlango ambao familia nyingi haziujui, na mimi nauona wa maana kuliko yote katika barua yako. Leseni yenu ya Leicester inawafuata nje ya nyumba kwa kifaa kinachotumia betri yake ya ndani peke yake. Simu, tableti, laptopu: mradi haijachomekwa kwenye umeme wala kuunganishwa na antena, wewe na wanaoishi nawe Leicester mnaweza kutazama iPlayer au taarifa ya moja kwa moja mkiwa Skegness, ufukweni, kwenye treni, popote, chini ya leseni ya Leicester. Kanuni hii ndiyo inayowasaidia wanafunzi wa chuo wanaokaa bwenini wakati wazazi wana leseni nyumbani. Lakini betri ni betri kweli. Ukichomeka chaja ya laptopu kwenye soketi huku taarifa inaendelea, umetoka kwenye kanuni, na fleti inahitaji leseni kwa dakika hizo. Chaji kwanza, chomoa, kisha tazama. Wengine huuliza kuhusu pawabenki. Maneno ya kanuni yanataja betri ya ndani ya kifaa chenyewe, kwa hiyo mimi singeitegemea pawabenki. Na usirushe picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV ya ukutani ukaona umebaki kwenye betri. TV hiyo imechomekwa ukutani, nayo ndiyo mnayoitumia kutazama. Kijiti cha kuchomeka nyuma ya TV ni hivyohivyo.

Kwa hiyo watoto wawili wenye tableti zilizochajiwa usiku wanaweza kumaliza katuni zao za iPlayer Jumamosi asubuhi bila ninyi kudaiwa senti. TV kubwa ndiyo inayowaingiza matatani.

Shemeji wa Ingoldmells sasa. Usimwonee wivu wala usimwambie anavunja sheria, kwa sababu karavani ina kanuni zake. Karavani ya kukokotwa na gari, gari lenyewe na boti vinafunikwa na leseni ya nyumbani moja kwa moja. Karavani ya kudumu kama zile zilizopangwa safu kwa safu Ingoldmells, pamoja na nyumba za kuhamishika, nazo zinaweza kufunikwa na leseni ya nyumbani, kwa sharti moja kubwa: pasiwe na wakati ambapo watu wanatazama televisheni nyumbani na kwenye karavani kwa pamoja. Kuna tamko la kujaza kuthibitisha hivyo. Muulize kwa upole kama alilijaza. Muulize pia kuhusu kijana wake. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo inavyokuwa kwenye familia zetu: wazazi na wadogo wanakwenda baharini, mkubwa anabaki nyumbani kwa sababu ana kazi ya Jumamosi, na jioni anakaa sebuleni kutazama mechi saa ileile baba yake anaitazama karavanini. Saa hiyo sharti limevunjika, na karavani inahitaji leseni yake yenyewe.

Fleti yenu ya matofali haimo katika kanuni hii hata mkihamia huko wote na kuifunga nyumba ya Leicester kwa kufuli. Nimeulizwa mara nyingi, "Lakini hatuwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja?" Ni hoja ya haki, na kwa karavani sheria imeikubali. Kwa nyumba haikuikubali. Nyumba ya pili iliyojengwa ni anwani ya pili, na anwani ya pili ni leseni ya pili. Mimi binafsi naona jambo hili linawabana watu bila sababu nzuri, hasa familia iliyojinyima miaka kumi ikapata vyumba viwili pwani. Ila kwa sasa hiyo ndiyo sheria, na siwezi kukushauri uishi kwa sheria ambayo ningependa iwepo.

Tuzungumze barua, maana hapo ndipo pana hatari ambayo mwenye nyumba moja hana. Kwamba hazina jina, ni kawaida. TV Licensing ni jina linalotumiwa na BBC na makampuni iliyoyapa kazi ya kukusanya ada. Wana orodha ya anwani zote, na anwani isiyo na leseni wala taarifa yoyote huandikiwa barua, kisha nyingine, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Barua za kwanza hazina maana kwamba mtu ameona mnachotazama, wala kwamba mmeshtakiwa. Zinasema tu kwamba kwenye daftari lao hapo pako wazi.

Zisipojibiwa, anaweza kuja afisa wa kutembelea nyumba. Hana haki ya kuingia ndani bila ruhusa yako au hati ya mahakama. Unaweza kumkatalia kuingia, kwa adabu, naye anatakiwa kuondoka. Ukikubali kuzungumza naye, ataandika maelezo yako kwenye fomu na kukuomba usaini, na maneno hayo ndiyo yanayopelekwa mahakamani. Usiseme uongo, na usisaini kitu ambacho hukukielewa kwa sababu tu mgeni amesimama mlangoni na watoto wanalia nyuma yako. Nakuambia hili kwa uzito, dada: zaidi ya watu saba kati ya kumi wanaotiwa hatiani kwa kosa hili Uingereza ni wanawake. BBC yenyewe ilifanya uchunguzi kuhusu tofauti hiyo, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mwanamke ndiye anayekutwa nyumbani akafungua mlango. Leseni ni ya nyumba nzima, lakini jina linaloandikwa ni la aliyefungua mlango.

Kesi yenyewe, kwa England na Wales, siku hizi mara nyingi hupitia utaratibu wa hakimu mmoja, uliowekwa na sheria ya 2015. Hakuna kuitwa kizimbani. Hakimu anakaa na makaratasi, anasoma, anaamua. Mshtakiwa hupelekewa notisi kwa posta na ana siku 21 za kujibu kama anakiri, anakana, au anataka kusikilizwa mbele ya mahakama. Asipojibu, anaweza kutiwa hatiani bila neno lake kusikika. Sasa fikiria notisi hiyo imeangukia kwenye mkeka wa fleti ya Skegness mwanzoni mwa Novemba, na ninyi hamrudi hadi Krismasi. Siku 21 zimepita ikiwa imelala pale pamoja na vipeperushi vya piza. Adhabu ya juu ni faini ya pauni 1,000, pamoja na gharama za kesi. Kifungo hakimo katika adhabu ya kosa lenyewe, lakini kupuuza faini ya mahakama ni jambo lingine, na linaweza kumfikisha mtu pabaya. Ikitokea mtu amehukumiwa bila kujua kwamba kulikuwa na kesi, ipo njia ya kuapa tamko rasmi mahakamani kueleza hivyo, ndani ya siku 21 tangu alipojua, na kesi ikaanza upya. Wengi hawaijui njia hii, wanalipa tu kwa woga.

Kwa hiyo lolote mtakaloamua kuhusu leseni, panga kwanza posta. Ama lipia huduma ya posta ya kuhamishiwa barua zije Leicester, ama mwombe jirani wa kuaminika awe anapiga picha bahasha na kukutumia.

Sasa pesa. Ada ilikuwa imesimama pauni 159 kwa miaka kadhaa, Aprili 2024 ikapanda hadi 169.50, na Aprili 2025 ikafika 174.50. Mpango uliopo ni kupanda kila Aprili kufuatana na mfumuko wa bei hadi Hati ya Kifalme ya BBC, yaani hati inayoipa BBC mamlaka ya kufanya kazi, imalizike mwishoni mwa 2027. Chukua hiyo 174.50 ya 2025 kama kipimo tu, na uangalie ada ya sasa kabla ya kulipa. Mkienda Skegness wikiendi moja kati ya mbili, ni safari 26 kwa mwaka, sawa na karibu pauni 6.70 kila safari kwa ajili ya kuwasha TV bila wasiwasi. Kwa familia inayopenda kukaa pamoja mbele ya mechi, si ghali kuliko chipsi za watu wanne pale ufukweni. Kwa familia ambayo TV kubwa huwashwa kwa filamu tu, ni pesa ya bure.

Mkiamua kulipa, jueni jambo ambalo huwashtua wengi mwezi wa kwanza. Makato ya kila mwezi kwa leseni mpya hayagawanywi kwa miezi 12. Mwaka wa kwanza hulipwa ndani ya miezi 6, karibu pauni 29 kwa mwezi kwa ada ile ya 2025, kisha ndipo makato hushuka hadi kama pauni 14.50 kwa ajili ya leseni ya mwaka unaofuata. Mkilipa kila miezi mitatu kuna nyongeza ya pauni 1.25 kila awamu. Kama pesa ipo, lipeni yote mara moja. Hakuna leseni ya msimu wa kiangazi peke yake, ingawa wengi huitafuta. Kilichopo ni kurudishiwa pesa ya miezi kamili iliyobaki endapo hutaihitaji tena leseni hiyo kabla ya tarehe yake ya mwisho. Mkiinunua Aprili na kuifunga fleti Oktoba hadi leseni iishe, mnaweza kuomba. Mkiwa mna mpango wa kurudi na kuwasha mpira Krismasi, msiombe, kwa sababu mtakuwa mmetoa maelezo yasiyo ya kweli.

Mkiamua kutolipa, basi iwe kweli. Futa programu ya iPlayer kwenye TV ya Skegness, si kuwaambia watoto wasiiguse. Ondoa akaunti ya chaneli za michezo kwenye TV ile. Habari za Kenya zitazame zikishapandishwa, au kwa simu yenye chaji. Mpira mumeo autazame kwa tableti isiyochomekwa, au aende mahali wanapoonyesha mpira. Kisha jaza tamko kwa TV Licensing kwamba anwani ya Skegness haihitaji leseni. Sheria haikulazimishi kulijaza, ila linanyamazisha barua kwa muda, ingawa baadaye watakuuliza tena na wanaweza kutuma mtu kuhakikisha. Kama huwezi kuyasimamia haya kwa watoto wako unaowajua wewe, ushauri wangu wa moyoni ni kwamba ulipe. Ada ya leseni inauma mara moja. Mashaka ya kila wikiendi yanakula raha yote ya nyumba mliyoitolea jasho.

Ya mwaka mzima uliopita siwezi kukufutia. Ninachoweza kukuambia ni msiongeze hata siku moja: leo usiku, kabla ya safari nyingine, ama leseni imenunuliwa kwa anwani ya Skegness, ama TV ile imeondolewa iPlayer na matangazo ya moja kwa moja.

Mkianza kuipangisha fleti kwa wageni wa siku mbili tatu, kanuni zinabadilika tena. Kuna aina ya leseni ya hoteli na malazi ya wageni, ambayo ada moja hufunika hadi vyumba 15, na anayewajibika ni mwenye mali. Dada yako akija kukaa nanyi wikiendi, yeye na laptopu yake ya betri anafunikwa na leseni ya kwake, kama anayo. Akiichomeka kwenye soketi yenu kutazama moja kwa moja, hapo swali linarudi kwenye anwani yenu.

Ijumaa mkifika, kabla ya mtu kushika rimoti, kusanya barua zote za mlangoni na uzifungue zote, hata zile zinazofanana. Tenga yoyote yenye jina lako au la mumeo, na yoyote inayotaja mahakama. Kama ipo, angalia tarehe yake, hesabu siku 21, na hiyo ndiyo ijibiwe usiku huohuo. Zilizobaki zinasubiri hadi Jumatatu.